Pontien na Bolti ya Mzee Lyamba

Mimi ndiye niliyemponza shemeji yangu Pontien. Nalisema mwanzoni kabisa, ili asije mtu akaniwahi. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, na mimi nilimsifu mgema ambaye hata kugema alikuwa hataki.

Jina langu ni Capitoline, mama Odeta. Naendesha mashine ya kusaga ya kikundi cha akina mama hapa kwenye makazi ya wakimbizi ya Katumba. Pontien ni mdogo wa marehemu mume wangu. Ni mrefu, mkimya, na penseli yake huichomeka kwenye nywele mpaka anaisahau na kuanza kuitafuta mezani. Ukimuuliza jambo hakujibu, anasema, "Ngoja nipime." Ukimuuliza kama ameshiba, atafikiri kwanza. Nimeishi naye jirani miaka mingi, na mara nyingi nimetamani kumpiga na mwiko.

Karakana yetu ilijengwa na watu wa mradi, wazungu waliokuja wakakaa miaka michache kisha wakaondoka. Walituachia injini moja ya dizeli. Upande mmoja mkanda wake unazungusha kinu changu, upande wa pili unazungusha mashine ya kukereza chuma, na huko ndiko aliko Pontien. Injini haiwezi kuvuta vyote viwili. Kwa hiyo Jumanne na Ijumaa asubuhi Pontien anakereza na wanawake wanakaa juu ya magunia yao wakinitukania shemeji. Siku nyingine zote injini ni yangu. Alifundishwa na fundi mmoja wa mradi kwa miaka miwili, kwa ishara zaidi kuliko maneno, maana yule fundi Kiswahili hakukijua na Kirundi ndiyo kabisa.

Lakini ufundi wenyewe ulianza kwa baba yao, mzee Sixte, aliyekuwa mfua majembe huko Burundi kabla hatujakimbia mwaka sabini na mbili. Mzee Sixte alikuwa na mwiko mmoja. Jembe halitoki kwa mfuaji mpaka yeye mwenyewe amelilimia matuta matatu katika shamba lake. Kabla ya hapo jembe bado ni lake, hata kama chuma amekileta mteja, na mteja hana ruhusa ya kulishika. Pontien aliurithi mwiko huo pamoja na nyundo. Akitengeneza ekseli ya baiskeli, anaipanda mpaka stesheni na kurudi. Akitengeneza skrubu ya kukamulia mawese, anakamua yeye kwanza. Siku moja alitengeneza bawaba za jeneza, nikamuuliza kama na humo atalala kidogo kujaribu. Alininunia siku mbili.

Hata puli ya kinu changu, lile gurudumu la chuma linalobeba mkanda, aliitengeneza yeye mwaka tisini, ya zamani ilipopasuka. Akasaga debe moja la mahindi kwa mkono wake, akapangusa unga usoni, akaniambia, "Sasa ni yenu." Toka siku hiyo nikawa nasimama mbele yake, kifua changu kikiitazama, mkono kwenye kijimlango cha kumwagia punje.

Mzee Lyamba alikuja mwaka tisini na sita, mwezi wa tano, mkewe alipoleta mahindi kusaga. Ni Mkonongo, mwenyeji wa ng'ambo ya reli, mwindaji mwenye kibali. Kijijini kwao yeye ndiye waliyemtegemea nguruwe pori wakiingia kwenye mihogo, au nyati dume akijitenga na kundi akaanza kutembelea mashamba ya watu. Alikuwa na bunduki ya baba yake, ya zamani sana. Mtutu wake ulikuwa umechakaa, na fundi fulani wa mbali, ambaye Lyamba hakutaka hata kumtaja, alimwekea mtutu mwingine wa risasi za namna nyingine, zenye nguvu zaidi. Tangu hapo bolti ikawa haifungi. Bolti ni kile kipande cha chuma unachokivuta nyuma na kukisukuma mbele, kinachoibana risasi ndani. Ndicho kinachosimama kati ya moto na shavu la mpigaji.

"Fundi wa bunduki mwenye leseni yuko Tabora," alilalamika Lyamba. "Siku mbili kwa treni, ukifika unaambiwa yuko likizo. Na nyati aliyetuingilia mashambani hana likizo."

Nikadakia, na hapo ndipo nilipokosea. "Mbona tuna Pontien hapa?"

Lyamba akacheka. "Mrundi wenu huyu wa baiskeli? Ataiweza bunduki?"

Damu ikanipanda. Miaka ishirini na minne tuko hapa, tumefyeka pori hili kwa mikono yetu, watoto wetu wamezaliwa hapa, na bado mtu anakuja kwenye foleni yangu ya unga anatuita "Mrundi wenu". Nikamwambia, "Huyo akikereza chuma, nzi akitua anateleza. Ulete bunduki yako, halafu urudi hapa uniombe radhi."

Akaileta.

Pontien alikataa mara mbili. Mara ya kwanza alisema, "Mzee Lyamba, bunduki siijui." Mara ya pili Lyamba alimwonyesha barua yenye mhuri, kwamba mwenye nayo anaruhusiwa kuitengenezesha. Pontien akaisoma mpaka mwisho, akaigeuza nyuma kuona kama kuna kingine kilichoandikwa. "Hii inasema wewe unaruhusiwa kutengenezesha," alisema. "Haisemi mimi najua kutengeneza. Wala haisemi mimi naruhusiwa."

Nilimvuta kando. Nilimwambia ananiaibisha mbele za watu, kwamba nimetoa neno langu, kwamba kaka yake angekuwa hai asingeogopa kipande cha chuma. Hilo la kaka yake sikupaswa kulisema. Aliniangalia, akaipokea bunduki kwa mikono miwili kama anavyopokea mtoto mchanga.

Kazi ilimchukua wiki mbili. Siku ya kwanza nilisikia mashine ikilia kilio ambacho sijawahi kukisikia. Kisu cha kukerezea kiliteleza juu ya ile bolti bila kuila, kikawa butu. Akakinoa, kikawa butu tena. Chuma kilikuwa kigumu kuliko kisu. Sasa, mfua chuma yeyote wa kwetu anajua dawa ya chuma kigumu. Springi ya gari ikikukatalia, unaitia kwenye mkaa mpaka iwe nyekundu, unaiacha ipoe taratibu kwenye majivu, nayo inalainika. Mzee Sixte alifanya hivyo maisha yake yote, na majembe yake yalilima milima. Pontien akafanya hivyohivyo. Ijumaa iliyofuata bolti ilikereka kama muhogo, na yeye alikuwa anapiga mluzi. Pontien kupiga mluzi! Nikawaambia wanawake, mnaona?

Ilipokwisha, ilifunga vizuri kabisa, bila kucheza wala kukwaruza. Akatoa kipimo chake cha skrubu, cha kupimia hata unene wa unywele, anachokitunza kwenye kopo la maziwa lenye pamba, akapima huku na huku. Namba zote zilikuwa sawa.

Na hapo ndipo alipochanganyikiwa.

Alikuja kwenye kinu changu, nikiwa katikati ya kusaga, akapiga kelele ili nimsikie juu ya injini. "Shemeji! Kwa nini aliyeitengeneza aliifanya ngumu vile?"

"Nani?"

"Wa kiwandani. Alijisumbua kuifanya ngumu. Mimi nimeifanya laini na inafunga vizuri. Kama laini inatosha, yeye alikuwa anahangaika nini?"

"Labda ili isichunike!" nilimjibu. Nilikuwa na foleni.

Hakuridhika. Alimuuliza fundi cherehani. Alimuuliza katekista Baltazari baada ya ibada, na Baltazari, Mungu amsamehe, akamwambia kila kiumbe kina ugumu wake. Alimuuliza hata dereva wa lori la tumbaku. Huyo alisema ngumu na laini vyote ni chuma tu, usijitese. Kila mtu alikuwa na jibu na hakuna jibu lililofanana na lingine, naye akazidi kupotea. Nilimwona amekaa kwenye kizingiti na ile bolti kiganjani, anaipima tena, namba zilezile, anairudisha kwenye kitambaa, anaitoa tena. "Kipimo kinaniambia urefu," aliniambia. "Hakiniambii nguvu. Nguvu naipima na nini?" Mimi nilidhani anadeka tu. Kuuliza si ujinga, ndiyo, lakini mtu akiuliza swali moja wiki nzima unaanza kumshuku.

Siku ya makabidhiano Lyamba alifika saa nne asubuhi, na kofia yake mpya. Alikuwa amebakiwa na risasi tano. Tano tu, na kibali cha nyingine mpaka mwakani. Tulikwenda watatu hadi shamba la zamani la Pontien, lile aliloliacha lipumzike, lenye kichuguu kikubwa katikati. Mwiko ni mwiko. Lazima Pontien ailimie kwanza.

Aliweka risasi ya kwanza. Akainua bunduki, akaweka kitako begani, akalaza shavu. Akaishusha. Akavuta pumzi, akainua tena, akaishusha. Mara ya tatu niliona jasho likimtoka kidevuni, na shavu lake halikugusa mbao.

"Fundi," alisema Lyamba, "umeitengeneza au hujaitengeneza?"

"Nimeitengeneza."

"Basi piga."

"Sijui."

"Hujui nini?"

"Hilo ndilo silijui, mzee. Hata ninachokiogopa sikijui."

Niliona aibu mpaka masikio yakaniwaka moto. Nusura niichukue mimi. Lakini Pontien alikwisha kwenda kwenye gogo la mninga lililokuwa limelala pale, akaifungia bunduki juu yake kwa kamba ya kisimani, akafunga uzi mrefu kwenye kifyatulio, akatuita nyuma ya kichuguu. Lyamba alicheka mpaka akakaa chini. Mwindaji wa miaka thelathini anajificha nyuma ya kichuguu, anaogopa bunduki yake mwenyewe!

Ya kwanza ikalia, safi. Tukatoka, Pontien akavuta bolti, ikafunguka kwa kidole. Nikapiga kigelegele. Ya pili vilevile, nikamuuliza Lyamba ile radhi yangu iko wapi, naye akanyanyua kofia akaniinamia. Ya tatu ikalia vizuri, ila bolti ilitaka kusukumwa kwa kiganja. Ya nne, Pontien aliigonga na kipande cha mti ndipo ikafunguka.

"Masizi hayo," alisema Lyamba.

"Masizi tu," nikasema na mimi, kana kwamba nimewahi kusafisha bunduki hata siku moja.

Pontien alichuchumaa, akafungua kopo lake la maziwa, akapima. Akapima tena. Alipoinua macho alikuwa kama mtu aliyeitwa jina asilolijua. "Namba si ile ya asubuhi," alisema. "Imetofautiana kidogo sana. Unywele. Lakini chuma hakitembei. Kwa nini kimetembea?"

"Fundi, nne zimekubali," alisema Lyamba. Sasa hakuwa anacheka. "Imebaki moja. Moja! Hiyo siipi kichuguu. Hiyo ni ya nyati. Kuna mama kule kwetu hajafika shambani kwake siku tisa." Akaanza kuifungua kamba.

Na mimi nilikuwa upande wake. Nasema kweli. Nne zimekubali, ya tano itakataa kwa nini? Nikamwambia Pontien, "Mpe mtu mali yake."

Pontien hakuwahi kumgusa mtu mzima kwa hasira. Siku ile aliushika mkono wa mzee Lyamba, akaubana kwenye gogo. "Si mali yake," alisema. "Sijailimia. Shavu langu halijakaa pale. Mpaka lilale pale ni yangu, kwa sheria ya baba yangu, na mimi nasema ya tano inapigwa hapa."

"Sheria ya baba yako ni ya majembe!"

"Ndiyo. Na sina nyingine."

Walitazamana. Nyuki walikuwa wanavuma kwenye maua ya pori, nakumbuka. Lyamba ni mtu wa mila, na mila ya mtu mwingine ukimtajia usoni anaiheshimu hata ikimuudhi. Akaiachia kamba, akatema mate pembeni, akatembea kwenda nyuma ya kichuguu akiwa ametupa mgongo.

Pontien akaikaza tena kamba, akatia ya tano, akatufuata akavuta uzi.

Ule mlio haukuwa wa bunduki. Ulikuwa mfupi, mkavu. Vumbi likaturukia. Tulipotoka, mbao ya kitako ilikuwa imepasuliwa katikati kama kuni. Bolti haikuwepo. Tuliitafuta kwenye nyasi, tukaizunguka bunduki mara tatu kama kuku, mpaka Lyamba akaiona. Ilikuwa imerudi nyuma, imejikita kwenye kisiki hatua sita kutoka pale, imezama urefu wa kidole. Ukisimama kwenye bunduki ukakitazama kile kisiki, njia yake ilipita palepale ambapo mtu analaza shavu.

Mzee Lyamba aliinua mkono akalishika shavu lake. Alilishika tu na kulipapasa, kwa muda mrefu, kama anahakikisha bado lipo. Kisha akauliza kwa sauti ndogo, "Ulijuaje, fundi?"

"Sikujua," alisema Pontien, na akaanza kulia.

Tuliipeleka wenyewe, vipande vyote ndani ya gunia, kwanza ofisi ya makazi, kisha polisi Mpanda. Miaka ile, na watu wapya waliokuwa wanavuka kutoka kwetu wakikimbia vita, mkimbizi kukutwa na bunduki iliyovunjika si jambo la kuchezea, na mimi nilijiona tayari ndani. Tulikuta askari mzee aliyekuwa akitunza silaha, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Alitugombeza wote watatu kama watoto: Lyamba kwa kupeleka silaha kwa asiye na leseni, Pontien kwa kuipokea. Mimi alinitazama akaniuliza, "Na huyu mama?" Nikasema mimi ndiye niliyeanza. Akaandika hilo pia.

Pontien alipomweleza habari ya mkaa, askari akachukua tupa, akaipitisha kwenye ile bolti. Tupa ikala. Akatoa bolti nyingine kabatini, nzima, akapitisha tupa ileile. Ikateleza. "Hii ilipikwa kiwandani kwa kipimo chake ili iwe ngumu," alisema. "Moto wako wa mkaa umeiondolea upishi wote. Umbo ni la bolti, lakini nguvu haina tena. Halafu mkaipa risasi kubwa kuliko iliyozaliwa nayo."

"Lakini nne zilikubali," alisema Pontien. Alikuwa amelishika lile swali njia nzima ya treni. "Afande, kwa nini nne zilikubali?"

Askari akavua miwani. "Hazikukubali. Ilikuwa inavunjika tangu ya kwanza. Nyie mlikuwa mnaitazama ikivunjika, mnapiga vigelegele."

Bunduki ilibaki huko. Pontien aliandikiwa onyo, akaweka kidole gumba ingawa anajua kuandika, kalamu hakutaka kuishika. Lyamba aliagana nasi stesheni. Aliniomba ile radhi, kweli aliiomba, na mimi sikujua niiweke wapi. Nyati yule walimfukuza kwa ngoma na mioto mpaka akahama mwenyewe, na kuna watu kule kwao wanasema hadi leo kwamba Mrundi aliwaharibia bunduki.

Pontien hakukereza kitu kwa majuma matatu. Halafu siku moja, Jumatano, siku yangu, foleni imefika barabarani, nikamwona amesimama mlangoni pa kinu. Hakuwa ananitazama mimi. Alikuwa anaitazama puli. Kisha akanitazama mimi, kifua changu, na puli tena.

Akaenda akazima injini. Wanawake wakaanza kelele. Emerensiana, mwenye gunia la kwanza, alimwita jina ambalo siwezi kuliandika.

"Shemeji," alisema Pontien katika ule ukimya wa injini, "umesimama hapo miaka mingapi?"

"Sita. Kwani vipi? Washa injini."

"Miaka sita." Akaishika puli kwa kiganja, polepole, kama mtu anayempima mtoto homa. "Na mimi niliijaribu kwa debe moja."

Nilitaka kumjibu vibaya. Neno lilikuwa tayari mdomoni. Lakini yeye akaongeza, kwa sauti ya chini ili wale wa foleni wasisikie, "Chuma chake kilikuwa kigumu pia. Niliipasha moto."

Miguu yangu iliniondoa pale kabla kichwa hakijaelewa. Nilijikuta nimesimama ukutani, na mkono wangu uko kifuani, vilevile kama Lyamba alivyolishika shavu.

Aliichunguza siku nzima. Aliigonga akaisikiliza, akapitisha tupa, akaimwagia mafuta akatafuta ufa. Jioni aliniambia hakuona kitu. Nikamuuliza, basi ni nzima? Akafikiri, penseli iko kwenye nywele, na safari hii hakusema ngoja nipime. Alisema, "Sijui, shemeji." Kesho yake akakata pipa la mafuta, akalinyoosha, akaizungushia puli ngao ya bati nene na mbao za mninga, akachora mstari mwekundu sakafuni. Puli nyingine iliagizwa kwa barua, yenye mhuri wa kiwandani, na ilichukua miezi minane kufika. Ile ya kwake iliendelea kuzunguka muda wote huo, na haikupasuka. Ilipotolewa aliizika nyuma ya karakana, na hadi leo hatujui kama tulikuwa tunaiogopa bure.

Mpya imezunguka miaka mitatu sasa, nayo ni nzuri. Mimi bado nasimama kando ya mstari, na punje nazifikia kwa kuunyoosha mkono.